Picha ya Mgongo

Simu ilifunguka. Fundi simu aliigeuza ili mteja wake aone kioo kinavyowaka na kumkaribisha mtu kana kwamba kimetoka dukani leo, kisha akaifuta kwa ncha ya shati lake, kwa mbwembwe za mtu aliyemaliza kazi na anasubiri kusifiwa.

"Haya dada, hiyo hapo. Safi kabisa."

Mke wa Mstari aliipokea kwa mikono miwili. Akabonyeza penye picha. Hapakuwa na kitu. Akarudi nyuma, akabonyeza tena, safari hii taratibu, akidhani labda ameharakisha.

"Picha ziko wapi?"

"Picha gani?"

"Zilizokuwemo humu."

Fundi aliacha kufuta mikono. "Dada, si umeniambia nifungue? Umesema mwenyewe, ule mchoro wa kufungulia hamuujui. Sasa kufungua bila mchoro ni kuiflashi, na ukiiflashi kila kitu kinaondoka. Hukusema kuna picha."

"Kwani kuna simu isiyo na picha?"

"Mimi nafanya ninachoambiwa. Kwanza kwa nini mwenye simu asije mwenyewe, akachora mchoro wake, tukamaliza?"

"Amekufa."

Fundi alisema pole. Akasema tena pole, akachukua zile hela zake juu ya kaunta na kumsogezea. Mke wa Mstari akazirudisha. Aliomba simu ifunguliwe, imefunguliwa, sasa hela anazirudishiwa za nini? Zikakaa pale katikati, hakuna anayezitaka, mpaka mteja wa nyuma akauliza kama foleni inasogea au haisogei. Mke wa Mstari akaitia simu kifuani na kutoka. Hakulia. Tangu siku ya maziko alikuwa halii, na majirani walishaanza kulisema hilo.

*

Mstari alikuwa dobi. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya suruali zake: ukiipokea suruali kutoka kwake, ule mstari wa mbele ulikuwa umesimama hasa, unaweza kukata nao mkate. Meza yake ilikuwa barazani, ng'ambo ya barabara, ikitazamana na jengo refu la vioo ambalo watu wake ndio waliompa kazi. Barazani hapakuwa na umeme, kwa hiyo alitumia pasi ya mkaa. Mashati ya mabwana wa kompyuta yalinyooshwa kwa mkaa na hakuna aliyejali, ilimradi yasinuke moshi. Siku moja aliondoka nyumbani analalamika kichwa. Jioni akalazwa. Alirudi amefunikwa shuka la hospitali, na habari yake ikaishia hapo, hakuna zaidi ya kueleza.

Lililobaki ni suala la sura yake.

Haikuwa kwamba familia haikupenda picha. Walizipenda mno. Tatizo ni kwamba mpigaji alikuwa yeye. Simu ilikuwa yake, naye ndiye aliyesimama mbele na kusema sogeeni, cheka, mama inua kidevu. Albamu ya harusi ililowa bati lilipovuja, kurasa zikagandana, naye kabla ya kuitupa akaipiga picha ukurasa kwa ukurasa akaiweka kwenye simu. "Sasa ziko salama," alisema. Kitambulisho chake kilibaki ofisini walipokwenda kuandikisha kifo, ndio utaratibu. Kwenye mtandao alikuwa ameweka picha ya mtoto. Shemeji zake walipekua simu zao usiku kucha, wakapata picha moja ya harusi ya binamu: watu wamejipanga mstari, wamependeza, na pembeni kabisa, Mstari kakatwa. Sikio na bega.

"Sikio lake hilo," alisema mama yake Mstari, aliyekuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili na akaisogeza simu mpaka ikagusa pua. "Hilo sikio silikatai. Lakini mtu hawi sikio, jamani."

Mke wa Mstari aliporudi kutoka kwa fundi, mama mkwe alikuwa ameketi mkekani na mjukuu wake, wanachambua maharage. Mtoto alikuwa na miaka minne na walimwita Kidole, kwa sababu kila alichokiona alikinyooshea kidole kabla ya kukitaja.

"Imefunguka?" aliuliza mama mkwe.

"Imefunguka."

"Haya lete, nimwone mwanangu."

"Mama, imefunguka lakini picha zimefutika."

Bibi hakuinua kichwa. Alitoa harage bovu moja, akatoa la pili. "Zimefutika zote?"

"Zote."

"Nani kazifuta?"

"Fundi. Mimi ndiye niliyempelekea. Nilisema afungue, sikujua."

"Hukujua," alisema bibi. Ilikuwa si lawama wala si msamaha. Akaendelea na maharage yake.

Kidole alimtazama mama yake, kisha bibi, kisha simu. "Mama," aliuliza, "baba alikuwa na ndevu?"

Hapo ndipo mke wa Mstari aliposimama katikati ya chumba akiwa bado na viatu. Mstari hakuwahi kufuga ndevu hata siku moja. Alinyoa kila asubuhi mbele ya kipande cha kioo kilichotundikwa mlangoni, na mtoto huyuhuyu alikuwa akipakwa povu kidevuni, wanacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Miezi miwili haijaisha. Mtoto anasahau, na akishamaliza kusahau hakutakuwa na kitu chochote cha kumwonyesha.

"Hakuwa na ndevu," alisema.

"Alikuwa nazo," alisema Kidole.

"Mke mwenzangu, nyamaza," bibi alimwambia mjukuu wake.

*

Mlinzi wa lile jengo la vioo ndiye aliyeleta habari. Alikuwa rafiki wa Mstari, wa kunywa chai pamoja. Mstari alimnyooshea sare bure, naye mlinzi akamhifadhia meza na pasi ndani ya stoo ya jengo usiku. Alibeba jeneza. Siku hiyo alipita nyumbani usiku baada ya zamu, Kidole ameshalala, akakaa ukingoni mwa kiti kofia magotini.

"Shemeji, unamkumbuka yule dada wa kamera?"

Nani asingemkumbuka? Dada yule alikuwa msafiri, kazi yake ni kwenda mji hadi mji akipiga picha mahali palipo na mambo ya zamani na mambo mapya yamekaa pamoja. Alikaa barazani kwa Mstari asubuhi nzima. Jioni ile Mstari alirudi nyumbani na kichekesho cha wiki: alisimama mbele ya jiko, akashika sufuria kama pasi, akaigiza. "Ananiambia, kaka, fanya kama sipo. Sasa mtu yupo, kakuelekezea dude refu mgongoni, utafanyaje kama hayupo?" Mkewe alicheka mpaka akaunguza mboga.

"Basi amefanya maonyesho," alisema mlinzi. "Pale kwetu, ukumbi wa chini. Na Mstari yumo. Kubwa, shemeji. Ukuta mzima."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Uso wake upo?"

"Mama, mimi nakaa mlangoni. Sijaingia ndani, nimeona wakiibeba imefunikwa. Lakini ni yeye, wamesema mnyooshaji."

"Twende," alisema bibi.

"Kesho, mama."

"Nimesema twende, sijauliza ni lini."

Walikwenda kesho yake, baada ya mlinzi kuwaeleza mara tatu kwamba usiku pamefungwa. Mtoto walimwachia jirani. Mke wa Mstari alivaa gauni lake la maana. Mama mkwe alivaa viatu vya maziko ya mwanawe, maana ndivyo alivyokuwa navyo, akamshika mkwe wake mkono kwa sababu mwanga wa vioo ulimchoma macho.

Mlangoni alikuwepo mlinzi mwenyewe, ndani ya sare. Mke wa Mstari aliona kwamba suruali yake haina mstari tena, imekunjamana magotini.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "kumbe leo ni ya mwaliko. Wamekuja wakubwa. Sikujua, haki."

"Turudi?"

Mlinzi aliangalia nyuma. Dada wa mapokezi alikuwa ameshawaona, akaja na viatu vyake vikigonga sakafu. "Wa usafi wanapitia nyuma," alisema, wala si kwa ubaya.

"Sisi si wa usafi," alisema mke wa Mstari. "Sisi ni wa picha."

"Mnatoka chombo gani cha habari?"

"Tunatoka nyumbani," alisema bibi.

Dada wa mapokezi alimtazama mlinzi, na mlinzi akatazama kofia yake. Kisha akasema, akiwa amekakamaa, kwamba yule kwenye picha ni mume wa huyu na mtoto wa huyu. Dada wa mapokezi akauliza kama wana kitu cha kuthibitisha. Mke wa Mstari alikaribia kucheka. Kama angekuwa nacho, angekuja hapa kufanya nini? Alisema hana. Mikoba yao ikapekuliwa: leso, ufunguo, simu tupu. Wakaambiwa wapite lakini wasikae sana, na wasiguse ukuta.

*

Ulikuwa mgongo.

Ulichukua ukuta mzima, kama alivyosema mlinzi. Shati lililolowa jasho katikati ya mabega, mkono wa kulia umeshika pasi, moshi wa mkaa unapanda, na mbele yake jengo la vioo limesimama na mawingu yake. Kichwa kimeinama. Uso ulikuwa upande wa pili, unalitazama jengo. Chini yake kibao: *Mnyooshaji. Jana ikiitazama kesho.*

Mke wa Mstari alitazama kiunoni. Pale palikuwa na fundo la aproni, na fundo lile lilikuwa lake. Alilifunga mwenyewe asubuhi ile, kwa sababu Mstari hakuweza kufunga kitu asichokiona. Alilijua hasa, lina masikio mawili, moja refu kuliko jingine. Alisubiri aumie. Hakuumia. Alihisi miguu tu, kwamba viatu vinabana.

"Niambie," alisema mama mkwe. "Anacheka au kanuna?"

"Mama, katupa mgongo."

"Kageuka?"

"Kageuka."

"Mwambieni ageuke huku," alisema bibi.

Nyuma yao walisimama bwana mmoja na mwanamke, wenye glasi za juisi. "Huu mgongo unazungumza," alisema bwana. "Kabisa," alisema mwenzake. "Ukiweka sura tu unaharibu. Inakuwa picha ya mtu." Na wakasogea kwenye picha ya pili, ya mzee anayeuza vikapu chini ya bango la intaneti.

Mpiga picha alikuwa kwenye meza ya pembeni, na kompyuta na mashine ndogo ya kuchapia kadi za wageni. Alikuwa dada mdogo kuliko mke wa Mstari alivyomwazia kutokana na maigizo ya mumewe. Aliposikia wao ni nani alisimama mara moja, akamshika mikono.

"Mume wako! Nimemtafuta wiki nzima pale barazani nimkaribishe. Amehama?"

"Amefariki."

Mpiga picha alikaa. Akasimama tena, akamletea mama mkwe kiti, akaleta juisi, akasema hakujua, jamani hakujua. Mke wa Mstari alimwacha amalize. Watu walikuwa wakisema hivyo siku zote, na alikuwa ameshazoea kuwasubiri.

"Nina ombi moja," alisema. "Hatuna picha ya uso wake. Hata moja. Tuna mtoto, ameanza kusahau. Naomba picha ya uso, hata iwe ndogo, hata iwe mbaya."

"Ya uso," alisema mpiga picha.

"Ulikaa naye asubuhi nzima."

"Nilikaa naye. Nilipiga nyingi sana." Alikuwa ameanza kukwepa macho. "Lakini alikuwa mcheshi. Kila nikiinua kamera anageuka, anacheka, anasema hapa je, hapa nimependeza? Mimi nilitaka asijue kama nipo."

"Hizo anazocheka."

"Nilizifuta."

Mke wa Mstari aliutazama tena ule mgongo ukutani.

"Nasafiri mwaka mzima, dada, nafasi inajaa. Kila jioni nakaa nafuta zisizofaa. Zile za kucheka zilikuwa… zilikuwa kama picha za kila mtu."

"Zisizofaa," alisema mke wa Mstari. Hakuwa na hasira. Hata yeye alimpelekea fundi simu kwa mikono yake. Alikuwa anajaribu tu kuhesabu watu waliomfuta Mstari, wote wema, wote wakifanya kazi yao.

Mama mkwe alimvuta gauni. "Anasemaje?"

"Anasema hazipo."

"Basi twende nyumbani, mwanangu. Viatu vinaniua."

Ndipo mpiga picha aliposema subirini. Alikuwa ameifungua ile picha kubwa kwenye kompyuta yake, anaikuza, anasogea karibu na lile jengo la vioo, vioo vya chini, karibu na mlango. Ukimkuta mtu amejuta hivyo, anatafuta chochote. "Subirini, subirini! Alikuwa anatazama kioo. Kioo kina kivuli. Jamani, huyu hapa!"

Kati ya moshi na kitasa cha mlango kulikuwa na uso. Ulikuwa mdogo, wa kijivu, una chembechembe. Mpiga picha akaukuza tena, akaung'arisha, akaondoa ukungu. Ukaja uso wa mwanamume anayetazama mbele, macho mawili, pua pana, mdomo uliofungwa. Wageni wakaanza kusogea. Yule bwana wa juisi akasema, "Ajabu! Kumbe sura ilikuwepo siku zote."

Mke wa Mstari aliinama kwenye kompyuta.

Kichwani mwa mtu yule palikuwa na kofia. Mstari hakuwahi kuvaa kofia, zilimwasha. Na kola ilikuwa ya sare, kola ya vifungo viwili, imenyooshwa vizuri sana, na mke wa Mstari alijua ni nani aliyeinyoosha. Haikuwa kivuli cha mtu aliye nje. Alikuwa mtu aliyesimama ndani, nyuma ya kioo, mahali pake pa kila siku. Mke wa Mstari alinyanyua macho kuelekea mlangoni. Mlinzi alikuwa pale amewapa mgongo, anamfungulia mgeni.

Alitaka kusema. Neno la kwanza lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mashine ya kadi ilishaanza kuchapa, na kadi ilipotoka mpiga picha alimpa mama mkwe, maana ndiye aliyekuwa amenyoosha mikono. Bibi aliisogeza mpaka puani. Akaigeuza kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba juu yake taratibu, kwenye macho, kwenye mdomo.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu wewe. Ulikuwa wapi?"

Na akalia. Tangu maziko hakulia mbele ya watu, yeye na mkwe wake walikuwa wameshikilia hivyo wote wawili, na sasa alilia kwa sauti kubwa ndani ya ukumbi ule wa juisi. Mpiga picha naye akalia. Mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Katikati ya makofi yale utasema nini? Utamnyang'anya mama mzee kadi, umwambie huyo ni mlinzi?

"Ni yeye?" aliuliza mpiga picha, uso umelowa. "Niambie, dada. Ni yeye?"

"Ndiye," alisema mke wa Mstari. "Asante."

Wakatoka. Mlinzi aliwafungulia mlango. "Mmemwona?" aliuliza.

"Tumemwona," alisema bibi, kadi imebanwa kifuani, na akampita.

*

Usiku ule mama mkwe alikula. Alikula sahani yake ikaisha, akaomba kuongezewa, akasema ugali umeiva vizuri leo, jambo ambalo hajawahi kulisema katika miaka yote ya ukwe wao. Mke wa Mstari alikuwa amepanga kumwambia baada ya chakula. Akapanga baada ya kulala mtoto. Kisha bibi akasema, "Leo nitalala," na kweli akalala, anakoroma, na huwezi kumwamsha mtu kama huyo kwa ajili ya ukweli.

Kidole alipanda kiti akaitundika kadi mwenyewe, kwenye msumari wa kile kioo cha kunyolea. Aliinyooshea kidole. "Baba," alisema. Alikaa anaitazama, kichwa upande. "Hana ndevu."

"Si nilikwambia," alisema mama yake.

Ikabaki pale. Kila asubuhi bibi aliisalimu kabla ya kupiga mswaki. Kila jioni Kidole aliiambia mambo ya siku: paka amezaa, bibi kasema uongo kwamba sukari imeisha. Mke wa Mstari alipita mbele yake akibeba ndoo, akibeba nguo, akienda, akirudi, na mwanzoni aligeuza uso kila alipopita. Baadaye akaacha kugeuza. Ilikuwa kazi bure, na alikuwa amechoka.

Majirani walisema afadhali nyumba imechangamka.

*

Siku moja aliamua kwenda kuichukua meza. Nguo za watu alizokuwa akifua nyumbani hazikutosha kuwalisha, na wateja wa jengo la vioo walikuwa bado wanauliza. Kunyoosha alijua, nani alidhani mashati ya mwisho wa mwezi Mstari aliyamaliza peke yake? Mama mkwe alikuwa na miadi ya macho pamoja na shemeji, kwa hiyo Kidole akaja naye, anaruka vigae, ananyooshea kidole mabasi na njiwa.

Mlinzi aliwaona kutoka mbali. Alitoka na meza begani, akaivusha barabara, akaisimamisha barazani mahali pake, palepale penye alama za miguu yake sakafuni. Akarudi, akaja na pasi. Alikuwa ameisugua kwa majivu na kuitia mkaa wa moto. Siku hiyo alivaa sare mpya waliyopewa wafanyakazi, bado ina mikunjo ya pakiti, na kofia yake imekaa sawa.

"Karibu kazini, shemeji," alisema.

Kidole alikuwa amesimama. Mkono ulikuwa umenyooka, na kidole mwisho wake.

"Mama," alisema, kwa furaha wala si kwa mshangao, kwa sababu watoto hawashangai jambo likienda linavyotakiwa, "kumbe baba amerudi kazini."

Mlinzi alicheka. Kisha akamwona mke wa Mstari usoni, akaacha.

"Huyo si baba," alisema mama yake.

"Ndiye. Wa kwenye picha."

"Wa kwenye picha ndiye huyu. Lakini si baba yako. Huyu ni rafiki wa baba."

Mlinzi aliuliza, "Picha gani, shemeji?" Akasimama na pasi mkononi, hajui aiweke wapi.

Kidole alitazama mmoja, akatazama mwingine. Hakulia. Nyumba ile watu wake walikuwa wameshasahau jinsi ya kuanza kulia, na mtoto alikuwa anajifunza kwao. Mkono ulishuka.

"Sasa baba yukoje?"

Mama yake alichuchumaa barazani. Alimshika mtoto kichwa, pande zote mbili. "Masikio ndiyo haya. Haya uliyo nayo wewe."

Kidole alijishika masikio. Akayapapasa kwanza kwa vidole. "Na pua?"

"Pua yake…"

Mke wa Mstari alifumba macho ili amwone. Aliliona fundo la aproni. Aliona povu la sabuni kwenye kidevu, na mkono ulioshika sufuria kama pasi, akasikia hata ule mcheko na jirani anagonga ukuta. Akapanda na macho yake kutoka kwenye povu kwenda juu, taratibu, kwa uangalifu, mtu anavyobeba maji. Ikamjia pua ya mlinzi. Akairudisha. Akaanza tena kwenye kidevu, akapanda, na ikamjia ileile, pana, ya kijivu, ina chembechembe, na kofia juu yake.

"Na pua, mama?"

Alifumbua macho. Ng'ambo ya barabara mlango wa vioo ulifunguka, na mteja wa kwanza akaanza kuvuka na mashati yake mkononi.

"Sogea huko kivulini," alisema. "Mkaa unachoma."